Gurudumu zima jipya, ringi tupu au la mtumba? Hesabu ya baiskeli isiyo na gia

Spoki ikikatika unaisikia. Inalia "tang!" mara moja, halafu kimya, na ukienda mbele kidogo gurudumu linaanza kukata kiuno. Yangu ilikatika nikitoka Kange kwenda mjini Tanga, mzigo wa kilo kumi na tano hivi kwenye keria. Nikajifanya sijasikia. Wiki ileile zikakatika nyingine mbili, zote za gurudumu la nyuma, zote upande wa cheni, zote palepale zinapopinda kuingia kwenye habu, ile sehemu ya katikati ya gurudumu. Nilipovua tairi na kubandua ule utepe wa mpira, kutu ikamwagika sakafuni kama unga wa ubuyu. Hewa ya bahari haina huruma na chuma.

Njia ni tatu: kununua gurudumu zima jipya dukani, kununua ringi tupu na kumpa fundi aisuke juu ya habu ya zamani, au kutafuta gurudumu la mtumba lililong'olewa kwenye baiskeli ya Kijapani. Kwa nyakati tofauti nimezipitia zote, na ninachoweza kusema ni kwamba gurudumu la mbele na la nyuma hayana jibu moja. La mbele linabingirika tu na kubeba sehemu ndogo ya uzito. La nyuma linabeba wewe, linabeba keria, na juu yake linavutwa na cheni kila unapokanyaga. Ukiwa na hela kidogo, nyingi iende nyuma. Wengi wetu hununua jozi kwa sababu muuzaji amezifunga jozi, hapo hela imeshapotea kabla hujatoka dukani.

Kabla ya kulinganisha bei, linganisha vipimo

Usiende dukani na neno "inchi ishirini na nane" au "ishirini na sita" peke yake. Inchi za baiskeli zinadanganya. Tazama ubavuni mwa tairi lako, utaona tarakimu mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635 au 37-590. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, na hiyo ndiyo ya kushika kichwani.

Zile kubwa nyeusi, Phoenix, Avon, Hero na jamaa zao, ni 28 x 1½, yaani 635. Za kisasa za mjini na za mbio ni 622, nazo watu huziita 28 vilevile. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la moja halikai kwenye nyingine hata ulipake sabuni. Upande wa 26 ni kubaya zaidi: ya Kijapani yenye kikapu, 26 x 1⅜, ni 590, ya mlimani yenye tairi nene ni 559. Milimita 31 katikati yao, na muuzaji atakuambia bila kupepesa macho, "Zote ishirini na sita, kaka."

Kipimo cha pili ni upana wa habu. Chukua rula, pima nafasi kati ya kuta mbili za fremu pale ekseli ya nyuma inapoingia. Baiskeli isiyo na gia huwa milimita 110 hadi 120. Ya gia nyingi ni 130 au 135. Kuna mafundi watakaokuambia fremu itapanuliwa tu. Fremu ya chuma inavumilia kupanuliwa kidogo, ya alumini hapana kabisa. Na hata ikikubali, mstari wa cheni unaweza kwenda kombo, cheni ikawa inaruka kila ukipiga shimo.

Tatu, hesabu matundu ya spoki. Phoenix yangu ina 32 mbele na 40 nyuma, utaratibu wa zamani wa Kiingereza. Nyingi nyingine zina 36 kote. Habu ya matundu 40 inataka ringi ya matundu 40, hakuna ujanja hapo.

La nne ndilo watu hulisahau, kisha wanarudi dukani kugombana: breki. Kama baiskeli yako ina breki za vyuma, zile zinazovutwa na fimbo badala ya waya, mpira wake haubani ubavu wa ringi. Unavutwa juu na kugusa ringi kwa ndani, upande unaotazama habu, kwenye yale mabega mawili yaliyoacha mfereji katikati. Ukiweka ringi ya alumini yenye ubavu bapa, breki zako hazina pa kushika. Nilimwona kijana mmoja pale Ngamiani amefunga ringi nzuri za fedha kwenye Avon ya baba yake, anasimamisha baiskeli kwa soli za kandambili.

Gurudumu zima jipya

Uzuri wake ni wepesi. Unaingia na la zamani, unatoka na jipya lenye habu, ekseli, gololi na nati zake, na kazi ya kulifunga ni ya spana moja. Kama huna fundi wa kusuka karibu, au kama habu yako imekwisha, hii ndiyo njia.

Ubaya wake hauonekani kwa macho. Magurudumu ya bei ya chini husukwa harakaharaka. Spoki zinakuwa hazijakazwa sawa, nyingine ngumu, nyingine zimelala. Watu wengi wanaamini spoki hukatika kwa kukazwa mno. Mara nyingi ni kinyume. Spoki iliyolegea, kila gurudumu likizunguka, inabanwa na kuachiwa, inabanwa na kuachiwa, kama waya unaoukunja huku na huku mpaka ukatike. Na inakatikia kwenye kona karibu na habu, palepale zilipokatikia zangu.

Kwa hiyo dukani usiangalie mng'ao. Shika spoki mbili zinazokaribiana, zibane kwa vidole, kisha nenda jozi ya pili, ya tatu, zunguka gurudumu lote. Ukikuta jozi inayobonyea kama kamba ya nguo, liweke chini. Halafu shika ekseli kwa vidole viwili uizungushe polepole. Iende laini. Ikikwaruza kama ina mchanga ndani, koni (vile vipande vya kwenye ekseli vinavyobana gololi) zimebanwa kupita kiasi au grisi haitoshi, na mara nyingi ni yote mawili.

Hata likikupendeza, usilipande siku hiyohiyo. Lipeleke kwa fundi akaze spoki, afungue habu, aongeze grisi. Ujira huo uhesabu ndani ya bei ya gurudumu tangu mwanzo, maana ukiliacha hivyo utaulipa baadaye pamoja na spoki. Kwa gurudumu la mbele nasema hii inatosha na zaidi. Langu la mbele nililinunua hivyo, chuma cha kawaida kabisa, na halijanisumbua.

Ringi tupu juu ya habu ya zamani

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeniletea gurudumu au chuma chakavu?"

Fundi wangu ana kibanda chini ya mwarobaini, na hana haraka na mtu. Kabla ya kuniambia bei alifungua habu. Akamwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo, akazihesabu: tisa kila upande, za robo inchi, ndivyo habu za nyuma zilivyo. Mbele huwa kumi kila upande, ndogo zaidi. Akafuta koni kwa kitambaa akaniinulia kwenye mwanga. Palikuwa na mstari mmoja unaong'aa, laini, umezunguka wote. "Huu ni mzima," akasema. Kama pangekuwa na vishimo, koni zinabadilishwa, ni vitu vya bei ndogo. Lakini vishimo vikiwa kwenye vikombe vilivyo ndani ya habu yenyewe, hapo mara nyingi ndiyo mwisho wake, na kuisukia ringi mpya ni kumvisha maiti suti.

Swali linalofuata ni spoki. Zile za zamani zitumike tena? Fundi anayekupenda atataka kukupunguzia gharama. Mimi nasema hivi: kama ringi imekufa kwa kugonga shimo au kwa kutu lakini hakuna spoki iliyowahi kukatika, na ringi mpya ina kimo kilekile, zitumie. Tena kuna njia rahisi hata kwa asiyejua kusuka: unazifunga ringi mbili pamoja kwa utepe, tundu la valvu likae sawa na tundu la valvu, kisha unahamisha spoki mojamoja kutoka ringi kuukuu kwenda mpya, bila kuvuruga mpangilio. Lakini kama spoki zako zimeanza kukatika zenyewe, tupa zote. Zimetembea kilomita zilezile pamoja. Zilizobaki ziko kwenye foleni.

Spoki mpya huuzwa pia kwa grosi, yaani 144. Ukiwa na gurudumu la 36, grosi moja inatosha magurudumu manne, kwa hiyo ukipata mwenzako wa kugawana naye bei ya kila moja inashuka. Ya kawaida ni namba 14, unene wa milimita 2. Namba 13 ni nene zaidi, milimita 2.3, na kwa gurudumu la nyuma linalobeba keria ndiyo niliyochagua, baada ya kuhakikisha inapita kwenye matundu ya habu. Nenda na spoki yako moja nzima ya kupimia urefu. Ikizidi kidogo itachomoza ndani ya ringi na kutoboa tyubu. Ikipungua haitashika nati yake vizuri.

Na hapa kuna kosa lililonigharimu siku za nyuma, kwa fundi mwingine, kijana, mwenye mikono myepesi kuliko akili. Alikata spoki zote kwa koleo kwanza, chap chap, ndipo akakumbuka kung'oa friwili, yale meno ya nyuma yanayovutwa na cheni. Friwili imefungwa kwa uzi wa skrubu, na kila unapokanyaga pedeli unazidi kuikaza. Ili ifunguke lazima ushike ringi kwa mikono miwili kama usukani wa lori. Ringi ikishatoka, unabaki na habu ndogo mkononi isiyoshikika. Tulihangaika nayo na jiliwa ya fundi seremala mpaka mdomo wa habu ukapasuka. Kwa hiyo friwili itoke kwanza, spoki baadaye. Mwambie fundi wako hata kama anajua; atakuchukia kidogo tu.

Mzee alisuka kwa namna ya watu wa pwani wanavyosuka ukili: habu katikati ya magoti, spoki zikiingizwa kwa mafungu, kila moja ikivuka nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Kisha akaigeuza baiskeli miguu juu, akafunga gurudumu, akashika kipande cha chaki akikiegemeza kwenye fremu karibu na ringi. Akazungusha. Chaki ilipogusa iliacha alama, na hapo ndipo ringi ilipotoka nje. Hakupiga nyundo. Alilegeza spoki ya upande wenye chaki robo mzunguko, akakaza ya upande wa pili robo mzunguko, akafuta, akazungusha tena. Alirudia hivyo labda mara thelathini. Mtu anayelalamikia ujira wa kusuka aje akae dakika ishirini pale chini ya mwarobaini.

Je, ni rahisi kuliko gurudumu zima? Inategemea, na usikubali kukisia. Andika bei nne kwenye karatasi: ringi, spoki na nati zake, gololi na grisi, ujira wa fundi. Jumla ikiwa chini ya robo tatu ya bei ya gurudumu zima, suka. Ikiikaribia na habu yako ni ya kawaida tu, nunua zima. Ila kwa gurudumu la nyuma mimi nasuka hata bei zikilingana, kwa sababu ninayemlipa ninamjua, na nikisikia "tang!" najua pa kwenda.

La mtumba

Mke wangu ana ile ya Kijapani yenye kikapu mbele, na ya kwake sikufikiria mara mbili. Magurudumu ya mtumba ya baiskeli hizi mara nyingi yana ringi za alumini au za chuma kisichoshika kutu, na spoki nzuri kuliko zile za bei ya chini dukani. Kwa mji wa pwani hilo ni jambo kubwa. Yamekwishatembea, ndiyo, lakini spoki dhaifu zingekuwa zimeshakatika huko zilikotoka.

Shida ni kwamba unanunua maisha yaliyobaki, na hakuna anayekuandikia yamebaki mangapi. Zungusha uone kama linayumba. Litikise ubavuni ushikapo ekseli. Likicheza, koni zinahitaji kukazwa au zimekwisha. Pitisha kidole kwenye ubavu wa ringi ya alumini panapobanwa na breki, ukikuta pamebonyea kama kijiko, umebaki ukuta mwembamba, liache. Angalia nyufa ndogo kuzunguka matundu ya spoki. Na meno ya friwili yakiwa yamechongoka kama mapezi ya papa, hesabu friwili mpya kwenye bei.

Gurudumu la nyuma la Kijapani mara nyingi linakuja na breki yake ya ngoma upande wa kushoto wa habu. Ni faida, kwa sababu haili ringi na mvua haiisumbui sana. Lakini ile breki ina mkono wa chuma ambao lazima ufungwe kwenye fremu kwa klipu na nati. Usipofungwa, ukishika breki ngoma nzima inajaribu kuzunguka na gurudumu, inavuta waya, na utakachopata ni kishindo badala ya kusimama. Hakikisha klipu ipo kabla ya kulipa; wauzaji huitupa wakidhani ni takataka.

Mwenye Phoenix kama mimi hana mengi kwenye mitumba hii, maana 635 na 590 hazikutani. Nimewahi kuona ujanja: gurudumu la nyuma la Kijapani, na breki yake ya ngoma, limefungwa kwenye fremu ya Phoenix. Breki haihitaji ringi, kwa hiyo udogo hauathiri kusimama. Nyuma inashuka zaidi ya sentimita mbili, pedeli zinakaribia ardhi, na baiskeli inakaa kama mbwa aliyechuchumaa. Inatembea. Mimi sikuweza kuitazama mara mbili.

Magurudumu ya nyuma ya baiskeli za mlimani, yale yenye habu ya milimita 135, yaache. Hata yawe mazuri vipi.

Chuma au alumini

Kwenye breki za vyuma huna la kuchagua, ni chuma. Kwenye breki za waya zinazobana ubavu, alumini inashinda hapa kwetu kwa sababu ya masika: chuma cha kung'aa kikilowa, mpira wa breki unateleza, unaanza kuvuta breki kwenye duka la kwanza ili usimame la tatu. Alumini inashika breki iwe mvua au jua, na haishiki kutu ile ya kumwagika. Chuma kina faida moja: kikipinda kwenye shimo, fundi anaweza kukirudisha kwa nguvu kidogo. Alumini ikipinda sana huwa inapasuka. Barabara yako ikiwa ya lami, alumini. Ikiwa ya mashimo na mawe, na unabeba mkaa, chuma.

Nilivyofanya

Mbele: gurudumu zima jipya la chuma, spoki zikakazwa na grisi ikaongezwa kabla sijalipanda. Nyuma: ringi mpya ya matundu 40 juu ya habu ileile, spoki namba 13 zote mpya, gololi mpya, friwili ya zamani kwa sababu cheni nayo ni ya zamani na zimezoeana. Utepe wa kuzuia vichwa vya spoki visitoboe tyubu nilikata kwenye tyubu kuukuu, bure. Baiskeli ya mke wangu: mtumba wa nyuma peke yake, la mbele lilikuwa zima, na sikuona sababu ya kuligusa.

Spoki mpya hujipanga zikianza kubeba, kwa hiyo baada ya wiki nilirudi chini ya mwarobaini. Mzee hakuigeuza hata baiskeli. Aliinua nyuma kwa mkono mmoja, akazungusha gurudumu taratibu huku akigonga spoki kwa kucha, moja baada ya nyingine, ameinamisha kichwa. Zikalia karibu sauti moja. Akasimamisha, akarudi nyuma mbili. "Hii imelala," akasema, akachukua kispana chake kidogo, akaikaza robo mzunguko, akagonga tena.